Gurudumu la Mbele Kushoto

Gereji ya Oyola,
Villa Dolores,
Córdoba.

20 Agosti 2023

Mpendwa kaka Fermín,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na Elvira na Rocío. Kifua chako kinaendeleaje? Elvira aliniambia mwezi wa Mei kwamba upepo wa huko Río Gallegos ulikuwa umekukalia vibaya, na kwamba unakohoa ukipanda ngazi za bohari. Tafadhali usifanye mzaha na kifua. Na Rocío, bado anasomea ualimu au ameshahitimu? Nimepoteza hesabu ya miaka ya watoto. Hata ya mwanangu mwenyewe nahesabu kwa vidole.

Sisi huku hatujambo, kwa kipimo cha watu waliochoka. Baridi ya mwaka huu ni kavu, na bomba la uani limeganda mara nne. Shangazi Pocha alitolewa mtoto wa jicho na sasa anaona kila kitu, jambo ambalo limewaletea majirani taabu. Yamila wangu yuko Córdoba mjini anamalizia uuguzi. Baba alitimiza miaka themanini na tano mwezi wa Juni. Anakula, analala, anagombana na redio. Mimi nyonga inaniuma asubuhi, kisha inazoea.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu tungeongea dakika tatu za hali ya hewa, halafu ungesema kuna mtu mlangoni. Ndivyo tunavyoongea tangu mama afariki, na sikulaumu. Jambo la leo linahitaji karatasi. Nakuomba ukae chini uisome barua yote, hata kama katikati utatamani kuikunja.

Lile gari limerudi, kaka.

Nasema lile letu la viti viwili, la mwaka sabini na moja, ambalo baba aliliuza wewe ulipokwisha kuondoka. Lililetwa na Bi Zulema Barrionuevo, daktari wa meno mstaafu anayekaa hapa mjini karibu na kanisa, mama wa miaka sabini na ushei anayevaa glavu za ngozi akiendesha. Yeye alilinunua San Luis, kwa mtu aliyekuwa amelinunua kwa mtu mwingine. Hakujua kwamba analirudisha lilikotoka.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwanzoni mwa Julai. Nilikuwa nafunga bushi za pikapu ya mfuga mbuzi mmoja nikasikia injini ikiingia uani, na spana ikabaki mkononi. Miaka ishirini na tisa, na bado masikio yaliijua sauti ile. Lakini macho yalibisha, maana gari letu lilikuwa la kijani na hili lilikuwa jeupe.

"Wewe ndiye Oyola?" Bi Zulema aliniuliza.

"Ndimi."

"Niliambiwa Oyola ni mwanamume."

"Huyo ni baba. Amestaafu. Anayechafuka siku hizi ni mimi."

Akanionyesha tairi la mbele kushoto. Upande wa nje lilikuwa jipya, meno yote yapo. Upande wa ndani lilikuwa limelika mpaka nyuzi zinaonekana.

"Hili ni la tatu mwaka huu," alisema. "Na nikikanyaga breki linanivuta kulia kama punda aliyeona majani. Mafundi watatu wamelipima, wote wana mashine zenye skrini. Wananiambia gari limezeeka. Nikawaambia hata mimi nimezeeka, lakini natembea wima."

Ndipo aliponiona nikilizunguka gari kwa hatua zangu hizi za kupanda na kushuka. "Nisamehe, binti," akasema.

"Hamna neno, mama. Hata mimi nahitaji kunyooshwa magurudumu."

Alicheka, akaniachia ufunguo, akaondoka kwa miguu. Alipofika mbali nilifungua buti na kuinua zulia. Herufi F.O. ulizokwaruza kwa bisibisi ukiwa na miaka kumi na minne, zilizofanya baba akuchape, zilikuwa palepale chini ya rangi nyeupe. Nilikaa juu ya ndoo kwa muda mrefu. Sikulia. Siku hizi machozi yangu yanachelewa sana kufika, na yakifika huwa nimeshaanza kazi nyingine.

Kwa siku za kwanza sikumwambia baba. Hashuki tena gereji, maana ngazi za nyuma zinamshinda, na mimi nilililaza gari lile kwenye kona ya ndani na kulifunika turubai.

Unajua kazi yenyewe ilivyo, kwa hiyo nitakueleza kama fundi kwa mtoto wa fundi. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelaza kichwa ndani kiasi cha digrii tatu. La kulia lilisimama karibu wima. Hapo huhitaji skrini kujua kwa nini linavuta kulia, maana gari huelekea upande ambao gurudumu limesimama zaidi. Nilidhani ni bushi. Nikatoa bushi zote za mkono wa juu na wa chini, vile vyuma vinavyoshika gurudumu, nikaweka mpya, nikabadilisha na vifundo vya mpira vilivyokuwa vinacheza. Nikapima tena. Nusu digrii tu ndiyo iliyorudi.

Nikaenda kwenye vile vibati vyembamba vinavyowekwa nyuma ya mkono wa juu, ambavyo ukipunguza kichwa cha gurudumu kinatoka nje. Mafundi wale watatu walikuwa wameshavitoa vyote upande wa kushoto. Havikubaki hata kimoja. Walifika hapo wakasema gari limezeeka, na kwa haki sikuwaona wajinga, kwa sababu mtu akiishiwa vibati hana pa kwenda ila kwenye chasisi yenyewe, na hakuna anayependa kwenda huko.

Siku ya nne nilikwenda. Nilikwangua sakafu, nikateremsha timazi kutoka kila nguzo ya chasisi inayoshika mkono wa juu, nikaweka alama za chaki chini, nikapima kutoka katikati ya gari hadi kila alama. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikutaka kuamini. Nguzo ya kushoto ilikuwa imeingia ndani milimita tisa kuliko ya kulia.

Nilijiambia ni ile ajali yetu ya mwaka tisini na nne. Kisha nikasita. Ajali ilikuwa upande wa kulia, kaka. Mwamba uligonga kulia. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kulia, na nyonga yangu ndiyo shahidi. Kushoto hapakuguswa hata na jani.

Nguzo ile ilikuwa imepakwa lami nzito, nene kuliko mahali pengine popote chini ya gari. Nikaikwangua kwa patasi na brashi ya waya nikiwa nimelala chali, mchana kutwa. Nitakueleza nilichokiona kwa mpangilio nilivyokiona, kutoka nje kwenda ndani. Chini ya lami, rangi nyeupe. Chini ya nyeupe, kiraka cha chuma kilichochomelewa. Chini ya kiraka hicho, rangi yetu ya kijani. Na chini ya kijani, kiraka kingine cha zamani, nacho kimepasuka katikati. Ufa wake ulikuwa na kutu ya miaka mingi.

Soma tena polepole, kama nilivyofanya mimi na tochi mdomoni. Kiraka cha kwanza kilikuwepo gari lingali la kijani, yaani kabla ya ajali. Kilipasuka. Kiraka cha pili kiliwekwa juu ya ule mpasuko, na rangi nyeupe ikapakwa juu yake, yaani baada ya ajali, gari lilipokuwa likitayarishwa kuuzwa. Na viraka vyote viwili vilikuwa na ule mchomeleo wa mawimbi madogo yanayofuatana kama magamba ya samaki. Hakuna mtu mwingine bondeni huku aliyechomelea vile. Mimi mwenyewe nimejaribu miaka yote na sijauweza.

Sasa nitasema lile la kona ya Pedernal, kwa sababu wewe na mimi hatujawahi kulisema, hata siku moja.

Tulikuwa tunashuka kutoka juu mlimani, Jumapili ile ya Februari tisini na nne, mimi na wewe. Ulikuwa umepata barua ya kampuni ya mabasi, ungeanza kuendesha njia ya Córdoba wiki iliyofuata, na tulikuwa tumekwenda kula nyama ya mbuzi kwa kina Ludueña kusherehekea. Hukuwa umelewa. Mshale ulikuwa kwenye sitini. Niliutazama kwa sababu nilitaka uende kasi zaidi. Kabla ya kona ulikanyaga breki, ukasema, "Nidia, linavuta." Mimi nikacheka, nikasema, "Si ulishike basi, dereva wa basi." Ulikanyaga tena. Ukasema tena, "Linavuta kulia, linanitoka." Usukani ulikuwa umeushika kwa mikono yote miwili na mabega yako yalikuwa yamegeukia kushoto. Halafu mwamba.

Hayo yote niliyakumbuka hospitalini, kaka. Niliyakumbuka siku ya pili tu, kabla hawajaniweka vyuma. Askari wa barabarani alikuja na daftari lake, na baba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Askari aliniuliza kilichotokea. Nilimtazama baba. Baba akasema, kwa upole sana, "Sema ulichokiona, mwanangu. Alikuwa anakimbiza, au siyo?" Nikasema, "Alikuwa anakimbiza."

Mimi ndiye niliyesema. Miaka yote hii nimejificha nyuma ya maumivu, kwamba nilikuwa na dawa kichwani, kwamba mguu ulikuwa umevunjika mahali patatu. Ni kweli vilikuwepo. Lakini nilikuwa na akili zangu. Nilikuwa na hasira kwamba wewe ulitoka bila mkwaruzo, na nilitaka mtu awe na kosa, na baba alinionyesha nani. Wewe ukanyimwa leseni, kampuni ikachukua barua yake, baba akaweka nguo zako kwenye gunia nje ya mlango. Na ulipokuja kumzika mama ulisimama nje ya ukuta wa makaburi, na mimi nilikuona, na sikutoka.

Sitaandika zaidi juu ya hilo. Nikiendelea nitaanza kujihurumia, nami sikununua stempu kwa ajili ya hayo.

Nilikata kiraka cha juu kwa msumeno, pamoja na kipande cha kile cha chini, nikakifunga kwenye kitambaa na kupanda jikoni. Ilikuwa baada ya chakula. Baba alikuwa karibu na jiko la kuni akinywa chai yake ya majani ya mate, redio imezimwa kwa kuwa walikuwa wamemuudhi. Niliweka kitambaa mezani mbele yake na kukifungua.

Hakuuliza ni nini. Alipitisha kidole gumba juu ya mchomeleo, kutoka mwanzo hadi mwisho, jinsi alivyokuwa akipitisha siku zote kabla ya kumkabidhi mteja gari lake.

"Liko wapi?" akauliza.

"Liko chini. Limekuja kufanyiwa alaimenti."

"Nani analo?"

"Mama mmoja daktari wa meno. Kila Jumapili anakwenda nalo Nono kwa dada yake."

Alisogeza kikombe cha chai pembeni. Nilimwona ghafla jinsi shingo yake ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola.

"Niliingia shimoni mwaka themanini na nane, kwenye yale mashindano ya magari ya kupanda mlima," alisema. "Nguzo ikapinda, nikaivuta, nikachomelea. Nilidhani itashika."

"Mara ya kwanza ulidhani. Na ya pili?"

Alikiinua kile chuma mkononi.

"Ya pili nilijua," akasema.

Nilimuuliza kama mama alijua. Akasema hapana. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Watu walikuwa wanatoka San Juan, Nidia. Wanavuka milima kuniletea mimi magurudumu ya mbele, si mtu mwingine. Ningewaambia kwamba nimewaweka wanangu mwenyewe juu ya kiraka?" Halafu akasema, na hili ndilo lililoniuma zaidi, "Na wewe ulikuwa umeshasema kwamba alikuwa anakimbiza. Nikaona basi, huenda alikuwa anakimbiza kweli."

Hivyo ndivyo tulivyokula maisha yako, mimi na yeye, kila mmoja akiegemea uongo wa mwenzake.

Nilitarajia nitapiga kelele. Nilikuwa nimezipanga kelele hizo toka gereji hadi juu, ngazi kwa ngazi. Lakini nilipofika nilikuwa nimechoka, kaka. Alikuwa mzee aliyeketi na chuma mkononi. Aliniomba vidonge vyake vya presha, nikampa na maji, akaenda kulala usingizi wake wa mchana. Mimi nikaosha vyombo.

Asubuhi iliyofuata nilisikia fimbo kwenye ngazi za nyuma. Alizishuka zote kumi na moja peke yake, na ovaroli iliyopigwa pasi. Ninaapa sijui aliipiga pasi saa ngapi. Akalivuta turubai mwenyewe. Alilitazama gari kwa muda, akasema rangi nyeupe haikuwahi kulifaa, akakaa juu ya kreti.

"Umepima nini kati ya nguzo na nguzo?" akaniuliza.

"Mia sita thelathini na tatu."

"Iwe mia sita arobaini na mbili. Boliti hadi boliti."

Alikuwa na namba hiyo kichwani miaka yote. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Wakati mwingine linanifanya nimhurumie, wakati mwingine linanifanya nitoke nje nikatembee.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Niliikata nguzo nzima ya kushoto mpaka kwenye chuma kizima, nikatumia jeki ya kulaza kusukuma nguzo na nguzo zitengane, taratibu, robo ya milimita kwa mara moja, baba akisoma futi kwa miwani miwili. Tulipofika mia sita arobaini na mbili nikaunda nguzo mpya kwa bati la milimita nne, na mkono mwingine wa ndani wa kuishikilia. Kuchomelea nilichomelea mimi. Aliniambia, "Mchomeleo wako ni mbaya." Nikamwambia, "Mbaya lakini unashika." Siku hiyo alikula kidogo sana.

Tulivunja vitu viwili njiani. Boliti moja ya mkono wa juu ilikatikia ndani na nikapoteza siku nzima kuitoboa, na jeki iliteleza ikanipiga kifundo cha mkono, ndiyo maana mwandiko wangu unayumba hapa na pale. Usifikiri ni hisia.

Nilipofunga kila kitu niliweka vibati vitatu mbele na viwili nyuma, pande zote mbili sawasawa. Nikalishusha gari, nikalitikisa, nikalisukuma mbele na nyuma ili springi zitulie, nikapima. Nusu digrii ndani kulia, nusu digrii ndani kushoto. Sijawahi kuona namba nzuri zilizonifurahisha kidogo namna ile.

Bi Zulema alikuja Alhamisi. Ningeweza kumpa ufunguo na kumwambia kwamba nguzo ilikuwa imechoka, na angeondoka akinishukuru. Nilimwita ndani, nikamwonyesha viraka vyote viwili, nikamwambia nani alivichomelea na nani alikuwa ndani ya gari kiraka cha kwanza kilipopasuka. Baba alikuwa palepale juu ya kreti yake. Niliogopa wakati wote, maana mama yule anamjua kila mtu, amewang'oa meno nusu ya bonde hili, na gereji hii ndiyo inayomsomesha Yamila.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua glavu.

"Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa nakwenda kwa dada yangu juu ya hiki," alisema. "Na kaka yako, yule dereva. Alikuwa akiendesha vizuri?"

"Vizuri sana," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Kusini kabisa. Anapanga mizigo bohari."

Akamgeukia baba. "Mzee Eleuterio, mimi sitaki kelele mjini. Nataka karatasi. Andikeni kilichokutwa, kilichofanyika, na nani alifanya nini mwaka gani. Nataka mtu mwingine akilinunua gari hili nikishakufa ajue amekaa juu ya nini. Na wewe utaweka sahihi."

Nilidhani baba atakataa. Unajua anavyoichukia karatasi. Aliomba kalamu. Niliandika kwenye karatasi ya gereji, yenye jina letu juu, naye akawa ananisahihisha. Nilipoandika "mchomeleo wa zamani", akasema, "Andika wa Eleuterio Oyola, Machi themanini na nane." Nilipofika kwenye ajali niliandika "gari liliacha barabara", akasema, "Andika kwamba nguzo ilipasuka gari likavuta kulia, na dereva hakuwa na kosa." Nilimwomba arudie, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umesimama. Akarudia kwa sauti ileile, kama anayesoma vipimo. Kisha akaweka sahihi, herufi moja moja, na mimi nikaweka yangu chini ya yake. Nilimwomba Bi Zulema aturuhusu tuandike nakala ya pili, akasema hata kumi.

Nakala hiyo imo ndani ya bahasha hii. Sahihi ni zake na zangu kwa wino, si fotokopi. Kampuni ile ya mabasi ilishakufa siku nyingi, na najua karatasi haiwezi kukurudishia njia ya Córdoba. Ni yako uifanyie utakavyo. Ukitaka kuichoma, ichome. Ukitaka Rocío aisome, mpe.

Kwa upande wangu sina karatasi ya gereji ya kuandikia, nina hii tu. Nilisikia ulichosema ndani ya gari, nikakana. Naomba unisamehe, na kama huwezi, naomba unijue kama nilivyo, si kama yule mgonjwa wa kitandani uliyekuwa ukimtumia salamu za pole kupitia kwa mama. Sikuombei baba msamaha. Hajaniomba nifanye hivyo, na nadhani hajui namna ya kuomba.

Lakini jana, tukiwa tunakula, aliniuliza kama Río Gallegos kuna baridi sana. Sijawahi kumsikia akilitaja jina la mji huo. Nikamwambia ndiyo, na upepo. Akaendelea kutafuna. Baadaye akauliza basi linachukua muda gani kufika. Nikamwambia karibu siku mbili, ukibadilisha mara mbili. Akasema mgongo wake hautaweza. Akakunja kitambaa chake cha kufutia mikono, akakikunjua, akaniuliza kama basi hilo huwa linasimama mahali mtu akashuka kunyoosha miguu.

Nilimwambia nitauliza. Sijauliza bado. Nasubiri neno lako kwanza, liwe la namna yoyote.

Msalimie sana Elvira, mwambie ile sweta ya sufu aliyonitumia ndiyo iliyonipitisha Julai nzima chini ya gari. Msalimie Rocío, na umwambie ana binamu Córdoba mwenye kitanda cha ziada. Shangazi Pocha anakusalimu. Anadai sasa anaona vizuri kiasi cha kukutambua hata ukija na ndevu. Yamila anakusalimu. Jirani Chicha anakusalimu pia, nami nimemwahidi kulitaja jina lake.

Mungu akulinde na upepo wa huko, akipe kifua chako nafuu, na awape watu wa nyumbani kwako usingizi mwema.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata miaka niliyokaa kimya,

Nidia Oyola